Rinda la Kitambaa cha Kwaya

Kuna fundi wa nguo aliyefungua kibanda karibu na geti letu hapa Kahawa Sukari, kijana mpole anayetumia pasi ya makaa hata siku ambazo stima iko. Asubuhi nikitoka, huwa ameshanyunyizia kitambaa maji na kukipiga pasi, na ule mvuke hunifikia kabla sijafunga geti. Ni harufu ya nguo mbichi iliyokaribia kuungua, imechanganyika na majivu na mafuta ya cherehani. Mimi husimama nikijifanya natafuta funguo ndani ya mkoba, mpaka uso upoe. Baba yangu alikuwa fundi wa nguo. Tulimzika juzijuzi tu, na mtu angetarajia harufu hiyo iniletee huzuni. Huzuni huja, lakini huja nyuma. Kinachotangulia ni kuona haya.

Wakati huo tuliishi Thika, Makongeni, kwenye vyumba viwili vilivyotazamana na bomba la maji la ploti nzima. Baba alishonea kwenye veranda ya duka la mtu, na kila mtu alimwita Fundi Mwaura, hata mchungaji. Alikuwa na ustadi ambao sijauona tena. Alikuwa akimtazama mwanamume akivuka barabara kuja kwake, na kabla hajamsalimia ameshajua kwamba bega moja limeshuka kuliko lingine. Koti likiisha, bega lile lilikuwa limewekewa kitu kidogo ndani, na mwenyewe alienda zake akijiona amenyooka, bila kuambiwa kwa nini. Kitambaa kipya alikitandaza mezani akakipapasa kwa kiganja muda mrefu bila kukata, hadi mteja akadhani amesahau. Halafu chaki, halafu makasi, na makasi yakishaanza hayakusitasita.

Nyumbani alikuwa hivyo hivyo, mtu wa mikono mitulivu. Jumamosi mchana yeye ndiye aliyetupigia pasi nguo zote za kanisani, pamoja na za Mama, na wanaume wengine wa ploti walimcheka kwa hilo. Akirudi kutoka kazini, suruali yake ilikuwa imejaa nyuzi za kila rangi, nami nilikuwa na kazi ya kuzitoa moja moja huku amekaa kwenye kiti akinywa chai. Aliniita Mami kwa sababu nina jina la mama yake, Njeri. "Mami, umeacha moja hapa," alikuwa akisema, akinionyesha uzi ambao nadhani aliuficha makusudi ili nisimalize upesi.

Watoto wa fundi huvaa vipande. Sijui kama wenye wazazi wa kazi nyingine wanalijua hilo. Marinda yangu yote yalitokana na mabaki: bitana ya makoti, kitambaa cha sare za shule, mistari upande mmoja na rangi tupu upande wa pili. Baba alivipanga hivyo vipande hadi vikaonekana vimekusudiwa, nami nilijiona nimependeza kuliko watoto wote wa Makongeni. Niliendelea kujiona hivyo mpaka Jumapili moja, tukiwa tumekaa kwenye majani nje ya kanisa tukisubiri mafundisho ya watoto, msichana mmoja aliposhika pindo langu akasema, "Hii ni kitambaa ya mfuko."

Wenzake hawakuelewa. Akamwita kaka yake mdogo, akauvuta mfuko wa suruali yake nje, akauweka kando ya rinda langu. Kitambaa kilikuwa kile kile, cheupe chenye njano kidogo. Walicheka hadi mwalimu akatoka kuuliza kuna nini.

Nilipofika nyumbani nilimweleza Mama huku nikilia. Sikumwona Baba. Alikuwa nyuma ya pazia lililogawa chumba, amejilaza. Akauliza kutoka huko huko, bila kuinua sauti, "Nani alisema?" Nikamtajia. Pazia halikusogea, nikadhani ameshalala.

Muda si mrefu baadaye, kwaya ya akina mama ilileta kitambaa. Kulikuwa na mkutano mkubwa wa makanisa Juja, na kwaya yetu ilitaka kwenda huko na majoho mapya. Mwenyekiti wao alikuwa Mama Wangare, mwanamke mkubwa wa mwili na sauti aliyeuza mahindi na maharagwe sokoni, na nilimpenda kwa sababu hakuwahi kupita karibu nami bila kunitilia njugu mkononi. Walikibeba kitambaa wawili wawili hadi kwetu, jora zima limefungwa kwa karatasi. Kilikuwa cha zambarau, kizito, chenye mng'ao ambao ulitembea ukikisogeza. Baba alikiweka kwenye meza ya kulia chakula. Sisi tulikula tukiwa tumeweka sahani magotini, na hakuna aliyelalamika. Kwa siku kadhaa nyumba ilijaa majoho yaliyotundikwa ukutani kama watu waliosimama wakisikiliza.

Jumamosi kabla ya majoho kuvaliwa kwa mara ya kwanza, Baba aliniita. Kesho yake watoto tulikuwa tuseme mistari ya Biblia mbele ya kanisa lote. Akatoa kitu chini ya godoro, kimekunjwa ndani ya gazeti, akanipa, akatoka nje kabla sijakifungua.

Lilikuwa rinda la zambarau. Lilikuwa na mikono iliyojaa hewa begani, mikunjo myembamba kifuani iliyolala sawasawa kama mistari ya daftari, na chini lilikuwa pana, pana sana. Hakukuwa na kiungo wala kipande cha rangi nyingine. Ilikuwa nguo ya kwanza maishani mwangu yenye rangi moja kutoka juu hadi chini. Nilikuwa nimeshalivaa Mama alipoingia na ndoo ya maji. Aliweka ndoo chini polepole. Akatoka mlangoni, nami nikawasikia.

"Baba Njeri, hii kitambaa imetoka wapi?"

"Ilibaki."

"Ilibaki, ama ilibakishwa?"

 Nilisubiri jibu kwa sababu sikuona tofauti ya maneno hayo mawili, na nilitaka kuijua. Mama alirudi ndani akaniambia nivue, nisije nikachafua. Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa.

Asubuhi Baba alisema hatakwenda kanisani. Alikuwa na suruali za mtu za kumalizia. Baba hakuwa amewahi kugusa cherehani Jumapili, na hilo liliniudhi, kwa sababu nilitaka anione. Mama naye alitaka nivae sweta juu ya rinda. Nilikataa, nikalia, na mwishowe, sijui kwa uchovu au kwa hasira yake na Baba, akaniacha.

Kwaya ilikuwa imekaa mbele, safu mbili za zambarau. Jina langu lilipotajwa nilipita katikati ya kanisa nikasimama mbele yao. Kisha mnong'ono ukaanza kutoka safu za mbele ukaenda nyuma. Nilijua ni uzuri. Nilijua wanaona jinsi tulivyofanana, mimi na akina mama, na huenda wanadhani nami nimeingizwa kwenye kwaya. Nilisema mistari yangu bila kukosea. Nilipomaliza, ili wote waone, nilijizungusha, na rinda likafunguka kama mwavuli.

Baada ya ibada Mama Wangare alikuja, akachuchumaa, akashika pindo langu kati ya vidole viwili.

"Umependeza, mtoto. Nani amekushonea?"

"Ni Baba."

"Na hii kitambaa alinunua wapi?"

"Ilibaki," nikasema, kwa fahari, kama mtu anayejua mambo ya kazi ya baba yake.

Wanawake waliokuwa nyuma yake walitazamana. Mama Wangare aliliacha pindo, akalinyoosha kwa kiganja, akainuka. Siku hiyo hakunipa njugu. Njiani Mama alinifunika leso kuanzia shingoni hadi chini, ingawa jua lilikuwa linawaka. Nilidhani anaogopa vumbi.

Walikuja katikati ya wiki, Mama Wangare na wanawake wengine wawili, jioni Baba akiwa amerudi. Mimi nilifurahi. Niliwaza wameona rinda langu na sasa wanataka watoto wao washonewe. Mama aliwapa chai. Hakuna aliyeigusa, na utando uliganda juu ya kila kikombe.

"Fundi," Mama Wangare alianza, "tulipovaa majoho tuliona yanatubana tukipiga hatua. Tukasema duka limetupunja kitambaa. Karibu tuende kugombana na mwenye duka."

"Sio duka," Baba akasema.

"Nimekuja uniambie wewe mwenyewe."

"Ni mimi. Kila joho nilipunguza kidogo chini, kwa upana, mpaka kikabaki cha kutosha rinda. Nilidhani haitajulikana."

Alisema hivyo akitazama mikono yake iliyokuwa juu ya magoti. Mmoja wa wale wanawake wengine akaanza kusema jambo kuhusu wezi, lakini Mama Wangare akamgusa mkono. Yeye mwenyewe hakuwa na hasira. Nadhani hilo ndilo lililomuumiza Baba zaidi.

"Kwa nini hukuuliza?" akasema. "Fundi, ungesema tu. Huyu mtoto ni wetu. Tungempa."

"Najua."

"Sasa?"

"Nimejua hivyo tangu nikate," Baba akasema. "Nirudishieni majoho. Nitayatengeneza." Kisha akageuka kunitafuta. "Mami, leta ile rinda."

Nililileta likiwa limekunjwa, nikaliweka mapajani mwake, nikasimama kando yake. Bado sikuwa nimeelewa. Nilidhani anataka kuwaonyesha ile mikunjo ya kifuani. Baba alitoa wembe kwenye mfuko wa shati, ule aliotumia kufumulia, akaligeuza rinda ndani nje, akaanza na mkono wa kushoto. Uzi ulikatika kwa sauti ndogo, tiki, tiki, tiki. Alifumua kwa uangalifu ule ule aliokuwa nao akishona, ili kitambaa kisipate jeraha. Mkono ukatoka. Wa pili ukatoka. Mama Wangare akasema, "Fundi, hatukusema ufanye hivyo mbele ya mtoto," naye akajibu, "Wacha nimalize," bila kuinua macho. Hata wakati huo niliwaza labda analipanua. Nilielewa alipofungua ile mikunjo, moja baada ya nyingine, na kifua kikabaki kitambaa kitupu chenye alama za sindano. Sikulia. Nilikwenda nyuma ya pazia nikakaa juu ya kitanda chao, nikasikiliza hadi sauti ikaisha na wageni wakaaga.

Vipande hivyo alivikata pembetatu ndefu ndefu, akavishonea ubavuni mwa kila joho, chini, pale penye hatua. Kazi ilikuwa safi. Mtu mwingine asingeona chochote. Lakini mimi kila Jumapili, kwaya ikisimama kuimba na akina mama wakianza kuyumba kulia na kushoto, niliona rinda langu likifunguka na kujifunga kwenye miguu yao. Nilijua kipande gani kilikuwa mkono na kipi kilikuwa kifua, maana alama za mikunjo hazikutoka hata kwa pasi. Na Baba alikuwa amekaa pale pale alipozoea kukaa, safu ya tatu kando ya dirisha. Hakukosa Jumapili hata moja baada ya ile. Mimi nilitamani ajifiche. Nilitamani sana awe mgonjwa, au asafiri, ili tukae bila yeye.

Wateja hawakumkimbia kwa pamoja. Walianza kuja na futi zao wenyewe za kupimia kitambaa. Walianza kusimama kando ya meza akikata, wakisema wana nafasi, hawana haraka. Na kutoka mahali fulani, bila shaka kwa wale waliosimama nyuma ya Mama Wangare siku ile, likaja jina. Watoto bombani walianza kuniita Ilibaki. Mwalimu akiuliza kama kuna chaki, darasa lilijibu "Ilibaki" na kugeuka kunitazama. Siku moja nilikuwa nimempelekea Baba chakula kwenye veranda, na kijana wa mkokoteni akapita akipaza sauti, "Fundi Ilibaki, habari ya leo!" Baba alikuwa ameinamia sindano. Aliinua mkono kumpungia, kwa mazoea tu, kabla sikio halijamfikishia alichoitwa. Kisha mkono ukabaki hewani kidogo. Niliweka chakula chini nikaondoka bila kumngoja amalize, na sufuria akaileta mwenyewe jioni.

Mwaka ule ule tulihamia Ruiru, upande wa Kiuu, ambako hakuna aliyetujua. Cherehani ilibebwa kwenye pikapu imefungwa blanketi, Baba amekaa nyuma ameishikilia. Alipata kibanda cha mabati kati ya kinyozi na mama wa mboga, akaanza upya. Watu wa Kiuu walimpenda. Walimwona tu kama fundi mwenye tabia moja ya ajabu: ukichukua nguo yako, unapewa na kifurushi. Kila kipande kilichokatwa, hata kile kisichotosha kufunika kitufe, kilikuwa kimefungwa humo kwa uzi.

"Sasa hii nitafanyia nini, fundi?" watu walimuuliza wakicheka.

"Sijui," alisema. "Ni yako."

Ndugu yangu mdogo, aliyekuwa mtoto mchanga tulipoondoka Thika, aliliona hilo kama mchezo na akakua akilisimulia kwa marafiki. Mimi nilikuwa nikitoka nje akianza kusimulia. Kila kifurushi alichokitoa Baba kiliniita jina langu la bombani.

Nilipofika umri wa kujichagulia nguo, nilikataa kuvaa alichoshona. Sikusema kwa maneno. Nilimwomba Mama anichukulie mitumba soko la Ruiru, nikasema ndiyo fasheni, ndiyo wasichana wote wanavaa. Blauzi ya kwanza ilikuwa ya kijani, pindo limekwenda upande na vitufe vimelegea. Baba aliiona nikipita nayo. Nilimwona akiiona. Macho yake yalishuka hadi kwenye pindo, yakasimama, yakarudi kwenye kikombe chake. Juma lililofuata nilipoitoa kwenye kamba, pindo lilikuwa limenyooka na kila kitufe kimekazwa. Hatukuzungumza juu ya hilo. Mitumba yote niliyonunua tangu siku hiyo mpaka nilipoolewa ilipita mikononi mwake kwa namna hiyo, ikiwa kwenye kamba, wakati mimi nimetoka.

Sasa nina binti, na umri wangu ni mkubwa kuliko aliokuwa nao Baba siku ya wembe. Nimeshafanya mambo kwa ajili ya mtoto ambayo nisingependa kanisa zima liyajue. Nilidhani kujua hivyo kungeniondolea haya. Hakukuniondolea, kulibadilisha tu mahali inapouma. Zamani niliona haya kwa sababu alichukua. Siku hizi naona haya kwa sababu aliporudi kukaa safu ya tatu kando ya dirisha, Jumapili baada ya Jumapili, mimi niliyekaa karibu naye nilisogea nikakaa upande wa pili wa Mama.

Miezi yake ya mwisho macho yalikuwa yameisha nguvu, lakini vidole vilikuwa bado vinajua. Nilikuwa nikienda Kiuu mchana wa Jumamosi, tunakaa nje ya mlango kwenye jua, naye alikuwa na tabia ya kushika mkono wa nguo yangu na kuusugua kati ya vidole hadi ajue ni kitambaa gani. Siku moja aliushika akakaa nao muda mrefu.

"Ile ya zambarau," akasema.

Katika miaka yote hakuwa ameitaja. 

"Sikuiona ikiwa mwilini mwako. Nilipima na sare yako ya shule, ukiwa umelala. Halafu nikashindwa kukutazama. Hata kanisani nilishindwa kuja." Akakohoa. "Ilikukaa vipi?"

Niliona kwamba hakuwa anauliza kama nimemsamehe. Alikuwa anauliza kama fundi.

"Ilinikaa vizuri, Baba. Mabegani tu ndiyo ilikuwa kubwa kidogo."

"Mabegani niliacha makusudi. Ulikuwa unakua."

"Na nilizunguka," nikasema. "Nikiwa mbele, watu wote wakiniona. Nilijizungusha."

"Ilifunguka?"

"Ilifunguka yote."

Alitabasamu, uso mzima, hata nikaona pengo la jino ambalo sikulijua. Halafu akakumbuka kile alichokuwa akikitabasamia, akauachia mkono wa nguo yangu, akageuza uso upande wa barabara.